Kikoa kiko kwa aliyejitoa, na picha za filamu zimeletewa notisi

Swali

Ndugu washauri,

Salaam. Mimi na wenzangu watatu tunaendesha tovuti ya mashabiki wa mfululizo mmoja wa filamu za sayansi ya kubuni. Ni kamusi elezo inayotumia programu ya MediaWiki, yenye kurasa 1,140 na picha zipatazo 3,800. Kila chombo cha angani, kila sayari na kila mhusika aliyesema walau sentensi moja ana ukurasa wake. Hatuweki matangazo, gharama tunachangiana.

Shida zimetuandama kwa pamoja. Wiki iliyopita kampuni ya Marekani inayotuhifadhia tovuti ilituletea notisi ya DMCA (sheria ya hakimiliki ya Marekani) kutoka kwa mawakili wa studio. Imetaja kurasa 46. Nyingi ni za picha za skrini, mbili ni za miswada kamili ya filamu tuliyoiweka neno kwa neno. Kampuni imeshafunga mafaili hayo na inasema notisi nyingine ikija inaweza kufunga akaunti nzima. Je, tunaweza kupinga?

La pili, mwenzetu aliyesajili kikoa, yaani jina la tovuti yetu mtandaoni, amejitoa kwa hasira. Kikoa ni cha .com, kina jina la filamu ndani yake, kiko katika akaunti yake, na muda wake unaisha baada ya miezi minne. Anataka pia tufute makala 300 alizoandika.

La tatu ni ugomvi wa ndani. Mfululizo umeanzishwa upya, na filamu mpya inakana mambo yaliyotokea katika zile za zamani, basi wachangiaji wanafutiana maandishi usiku kucha. Hata muda wa tukio hawaafikiani. Mmoja anasema mlipuko uko dakika ya 72, mwingine dakika ya 75, na wote wawili wana diski halali mkononi.

Mwisho, filamu nyingine inatoka karibuni. Siku trela ilipotoka tovuti ilikwama kwa saa sita, na wapo waliotulaumu kwamba tumewaharibia uhondo. Tuanzie wapi?

Wenu,
Nahodha Asiye na Chombo

Jibu

Ndugu Nahodha,

Umeanza na notisi kwa sababu ndiyo inayotisha. Sisi tunaanza na kikoa. Picha ikiondolewa, ukurasa unabaki. Kikoa kikipotea, mnabaki na seva nzima ambayo hakuna anayejua njia ya kuifikia.

Mbele ya msajili wa vikoa, yaani kampuni inayouza na kutunza majina hayo, mwenye kikoa ni yule ambaye jina lake limo katika usajili. Haijalishi nani alichangia ada wala nani aliandika makala. Kwa hiyo mzungumzieni mwenzenu kikoa peke yake, msikichanganye na suala la makala zake. Akikubali, njia nyepesi ni kufungua akaunti kwa msajili yuleyule anayemtumia yeye, kisha akisukume kikoa kutoka akaunti yake kwenda yenu. Hiyo ni kazi ya ndani ya msajili mmoja, na mara nyingi inaisha siku hiyohiyo. Njia ya pili ni kukihamishia kwa msajili mwingine. Yeye anafungua kufuli la uhamisho, anachukua msimbo wa uhamisho, anawapa, nanyi mnauingiza kwa msajili mpya na kulipia. Kwa .com uhamisho huchukua hadi siku tano, na huongeza mwaka mmoja juu ya muda uliobaki.

Kosa linalowakwamisha wengi ni la mpangilio. Wanabadilisha kwanza jina la mwenye usajili, halafu ndipo wanajaribu kuhamisha. Kubadilisha jina kwa kawaida huwasha kufuli la siku 60, na katika siku hizo hakuna msajili mwingine atakayekipokea. Hamisheni kwanza, jina mbadilishe baadaye.

Akikataa je? Msikae kusubiri kikoa kiishe ili mkidake. Baada ya muda kuisha, msajili wa .com anaweza kumpa mwenyewe hadi siku 45 za kuhuisha, kisha zinafuata siku 30 za ukombozi zenye ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Wasajili wengi hulipiga jina mnada kabla hata halijafika huko. Likifika, programu za madalali hulinyakua ndani ya sekunde chache.

Badala yake, tumieni hiyo miezi minne. Hadi dakika hii kikoa cha zamani bado kinaelekeza kwenye seva yenu, na seva ni yenu. Maana yake uwezo wa kuwaelekeza wasomaji kwingine mnao tayari, bila ruhusa ya mtu. Sajilini jina jipya leo, libadilisheni kwenye `$wgServer` ndani ya faili la LocalSettings.php, kisha wekeni kwenye seva uelekezaji wa kudumu, yaani 301. Kila ukurasa wa zamani uende kwenye ukurasa uleule wa jipya. Msiwatupe wote ukurasa wa mwanzo, kwani injini za utafutaji huhesabu hivyo kama kurasa zilizopotea, na msomaji aliyefuata kiungo cha injini ya chombo fulani hapati alichokifuata. Cheti cha usalama (HTTPS) cha jina la zamani nacho kiendelee kuhuishwa. Kikiisha, kivinjari kitamwonyesha msomaji onyo jekundu kabla uelekezaji haujapata nafasi ya kufanya kazi.

Kwa kuwa mnapata jina jipya, liacheni jina la filamu nje. Vikoa vya .com viko chini ya utaratibu wa kutatua migogoro, UDRP, wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao, ulioanza 1999. Mwenye alama ya biashara hupewa kikoa akithibitisha mambo matatu: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, aliyelisajili hana haki wala maslahi halali nalo, na lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Hakuna fidia ya fedha, jina tu ndilo linalochukuliwa au kufutwa. Tovuti ya mashabiki isiyo na matangazo, yenye neno linaloonyesha wazi kuwa ni ya mashabiki, ina hoja ya kujitetea. Jina tupu la filamu bila nyongeza lina hoja dhaifu sana. Maandishi ya chini ya ukurasa kwamba "tovuti hii si rasmi" yawekeni, yanasaidia kuonyesha nia njema, lakini hayawezi kuliponya jina lenyewe. Buni neno lenu: jina la mtambo mdogo ambao mashabiki pekee wanaujua linavutia kuliko jina la filamu, na halimgombanishi mtu.

Jambo dogo linalosahaulika ni barua pepe ya akaunti ya msajili. Isiwe ya kikoa hichohicho. Kikoa kikizimika, barua ya kurejesha neno la siri inakwenda kwenye sanduku lililozimika nacho. Na kila ufunguo ushikwe na watu wawili: msajili, DNS, seva, hifadhidata. Misimbo ya dharura ya uthibitishaji wa hatua mbili ichapwe kwenye karatasi na kuwekwa mahali pawili.

Sasa makala zake 300. Angalieni maneno yaliyokuwa chini ya kisanduku cha kuhariria siku alipokuwa akiandika. Kama yalisema mchango unatolewa chini ya leseni huria ya CC BY-SA, leseni hiyo haiondolewi ikishatolewa. Mna haki ya kuendelea kuzitumia mradi mumtaje na muweke leseni ileile. Historia ya ukurasa katika MediaWiki inamtaja tayari, basi msiifute. Kama hapakuwa na leseni yoyote, maandishi ni yake, na mna njia mbili tu: kibali chake cha maandishi, au kuziandika upya kutoka kwenye filamu yenyewe bila kuifungua nakala yake pembeni. Ukweli kwamba chombo kina injini nne si mali ya mtu. Sentensi alizouelezea ndizo zake. Wakati mko hapo, kagueni pia kama kuna aya zilizonakiliwa kutoka wiki nyingine za mashabiki. Nyingi zina CC BY-SA, na kunakili bila kutaja chanzo ni kuvunja leseni ileile mnayotaka kuitegemea.

Tuje kwenye notisi. Kampuni yenu haijawafanyia uadui. Sheria ya DMCA ya 1998 inaikinga dhidi ya madai ikiwa itaondoa kilicholalamikiwa haraka, na ikiwa ina utaratibu wa kufunga akaunti za wanaorudia. Waulizeni wanahesabu vipi: je, notisi moja yenye kurasa 46 ni kosa moja au 46? Jibu hilo ndilo litakaloamua mna nafasi kiasi gani. Na kwa hali yoyote msipakie upya faili lililofungwa kwa jina jingine. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuitwa mrudiaji.

Kupinga kunawezekana kisheria. Notisi ya kupinga inaeleza faili gani liliondolewa na lilikuwa wapi, inasema chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba mnaamini limeondolewa kwa makosa, inatoa jina, anwani na simu ya aliyetia saini, na inakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani hata kama mtiaji saini anaishi nje. Kampuni huipeleka kwa mlalamikaji, kisha hurudisha faili kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji awe amefungua kesi. Soma tena vipengele hivyo. Jina na anwani vinakwenda kwa mawakili wa studio, na wewe umekubali kushtakiwa huko. Si karatasi ya kujaza kwa hasira.

Miswada miwili msiipinge, na msiirudishe. Kazi nzima iliyonakiliwa neno kwa neno haina utetezi. Hali ni hiyohiyo kwa manukuu kamili ya mazungumzo, michoro iliyoskaniwa kutoka vitabu vya utengenezaji, na muziki wa filamu.

Picha za skrini ni suala jingine, na hapa ndipo kwenye uamuzi. Sheria ya Marekani hupima matumizi ya haki kwa mambo manne: lengo la matumizi, asili ya kazi iliyochukuliwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari yake kwa soko la kazi hiyo. Hakuna idadi ya picha iliyo salama kwa uhakika, na anayekwambia ipo anakudanganya. Lakini kipimo cha kazi kipo. Soma aya bila picha. Ikiwa aya imepungukiwa, kwa mfano inazungumzia rangi ya taa za chumba cha usukani zilizobadilika kati ya filamu ya pili na ya tatu, picha ina kazi. Ikiwa hakuna kilichopungua, picha ilikuwa pambo, na pambo ndilo linalokuletea wakili. Katika picha zenu 3,800 tunabashiri nyingi ni mapambo. Kama katika zile zilizofungwa kuna mbili tatu zenye kazi ya wazi, hizo pekee ndizo za kumpelekea wakili wa hakimiliki aone kabla ya kupinga.

Kesi inayofaa kusomwa na kila mwenye kamusi ya mashabiki si ya sayansi ya kubuni, ni ya Harry Potter. Kamusi ya mtandaoni ya mashabiki ilivumiliwa kwa miaka, hata mwandishi akaisifu. Matatizo yalikuja ilipotaka kuwa kitabu cha kuuza. Mwaka 2008 mahakama ya New York ilizuia kitabu kile. Jaji hakusema kamusi za namna hiyo ni haramu. Alikubali zina manufaa, ila hii ilichukua mno maneno ya mwandishi yenyewe. Mafunzo mawili yako wazi: andika kwa sentensi zako, na usiingize biashara. Muhtasari wa filamu wa maneno 500 unatosha. Ukifika maneno 6,000, tukio baada ya tukio, umeanza kuisimulia upya.

Tafuteni pia kama mwenye haki ametoa miongozo yake kwa mashabiki. Wenye Star Trek, kwa mfano, walitoa yao Juni 2016 kwa filamu za mashabiki: dakika 15 kwa hadithi moja, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla, na michango isiyozidi dola 50,000. Miongozo kama hiyo si sheria, lakini inakuonyesha mwenye mali anakasirikia nini.

Usafishaji wenyewe una mtego wa kiufundi. Anzeni na ukurasa maalumu wa MediaWiki unaoorodhesha mafaili yasiyotumiwa, maana hizo hazina utetezi kabisa. Kisha punguzeni zinazobaki. Fremu ya 1920 kwa 1080 ya filamu yenye uwiano wa 2.39 kwa 1 ina mistari myeusi juu na chini. Ikate, ibaki pikseli 1920 kwa 803, halafu ipunguze hadi 960 kwa 402. Ihifadhi kama WebP kwa ubora wa 75 hadi 80. Msomaji anaona kila anachohitaji kuona, na hakuna atakayeichukua kama mbadala wa filamu. Msichukue fremu kutoka diski za 4K zenye HDR bila kubadilisha mwanga, picha hutoka imefifia kijivu kama imefunikwa vumbi. Tumieni diski ya HD ya kawaida.

Mtego ndio huu: ukipakia picha ndogo juu ya kubwa, MediaWiki haifuti ile kubwa. Inaihifadhi kama toleo la zamani ndani ya folda ya images/archive, na bado inafunguka kwa yeyote mwenye anwani yake. Programu za mawakili huzipata. Futeni matoleo ya zamani moja moja au kwa boti (programu inayojiendesha), kisha hakikisheni folda ya images/deleted haifunguki kutoka nje. Seva ya Apache huifunga kwa faili la .htaccess linalokuja na programu, lakini seva ya nginx hailisomi faili hilo, hivyo ni lazima uandike amri mwenyewe. Mwisho safisheni kashe (nakala za muda), pamoja na vijipicha.

Ugomvi wa dakika ya 72 na ya 75 unatufurahisha, kwa sababu wote wawili wana haki. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. DVD za mfumo wa televisheni wa PAL huendesha fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo filamu inakwenda mbio kwa takriban asilimia 4. Filamu ya dakika 120 inaisha kwa dakika 115 na sekunde 12. (Ndiyo maana sauti za waigizaji katika DVD nyingi za aina hiyo husikika nyembamba kidogo.) Zidisha 72 kwa 25, gawanya kwa 24, unapata 75 kamili. Mlipuko ni uleule.

Kuna tofauti nyingine ndogo zinazozua ubishi. Diski za Blu-ray kwa kawaida huenda kwa fremu 23.976, na hiyo huongeza sekunde 7 hivi katika saa mbili. Nembo za studio mwanzoni nazo hubadilishwa kampuni inapouzwa, na zinasogeza kila kitu kwa sekunde kadhaa. Basi wekeni kanuni moja: muda unahesabiwa kuanzia fremu ya kwanza ya picha baada ya nembo, kwa mwendo wa fremu 24, na unaandikwa pamoja na aina ya diski na mwaka wake. Mwenye PAL azidishe kabla ya kuandika. Wekeni kiolezo kinachofanya hesabu hiyo chenyewe, watu wakichoka watakosea.

Huo mwaka wa toleo ni muhimu kuliko unavyoonekana. "Filamu inasema hivi" si chanzo kinachotosha. Star Wars ya 1977 ilipotoka haikuwa na namba ya sehemu katika maandishi yake ya mwanzo. "Episode IV" iliongezwa katika kuirudisha majumbani mwa sinema mwaka 1981. Blade Runner ina toleo la 1982, la 1992 na la 2007, na yanatofautiana hadi mwisho wa hadithi. Mashabiki wawili wanaogombana kuhusu mhusika mara nyingi wameangalia filamu mbili zenye jina moja.

Kwa hiyo kila dai katika kurasa zenu libebe chanzo chenye mambo matatu: filamu, toleo, muda. Kisha liwe na daraja: limeonekana au kusikika kwenye filamu, limo katika kitabu au katuni iliyoidhinishwa, limesemwa na mtengenezaji kwenye mahojiano, au ni hitimisho la shabiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kamusi ya mashabiki isiyo na vyanzo hupotea hivyohivyo, kwa watu kubishana juu ya sentensi ambayo hakuna anayekumbuka ilitoka wapi. Wekeni muda wa siku 30: dai lisilo na chanzo hupachikwa alama, na muda ukipita huhamishiwa ukurasa wa majadiliano. Lisifutwe kimyakimya.

Na filamu inayokana za zamani? Msifute za zamani. Aprili 2014 Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, ilitangaza kwamba riwaya na katuni za miaka mingi hazimo tena katika simulizi rasmi, zikaitwa Legends. Wookieepedia, kamusi ya mashabiki iliyoanza 2005, ilichagua kuwa na kurasa mbili kwa mhusika mmoja, zikiunganishwa kwa vichupo viwili juu. Hilo ndilo tungelifanya. Mhusika aliyepo katika mikondo yote miwili apate kurasa mbili, na mhusika wa mkondo mmoja abaki na moja yenye alama ya mkondo wake. Wanaofutiana usiku kucha hawagombani kuhusu ukweli, wanagombania ukurasa mmoja. Wape miwili. Msitumie majina kama "ya kweli" na "ya zamani", bali mwaka wa filamu inayoanzisha mkondo, kwa sababu mwenye mali anaweza kubadili mawazo tena.

Kabla ya kugusa lolote kati ya haya, chukueni nakala rudufu. Katika MediaWiki ni vitu vitatu: hifadhidata yote kwa mysqldump, folda ya images, na LocalSettings.php. Faili la XML linalotolewa na programu lina maandishi na historia yake, lakini halina akaunti za watumiaji wala picha, na wengi hugundua hilo siku wanapolihitaji. Irejesheni nakala kwenye kompyuta nyingine mpaka tovuti ifunguke. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Kukwama siku ya trela hakuhitaji seva kubwa. Washeni kashe ya mafaili kwa `$wgUseFileCache`, ili msomaji asiyeingia kwa akaunti apewe ukurasa uliokwisha kutengenezwa. Wekeni `$wgJobRunRate` iwe 0 na kazi za nyuma, zile ambazo programu huzifanya kichinichini, ziendeshwe kwa ratiba kupitia runJobs.php, kwa sababu kwa kawaida kila mgeni hubebeshwa kazi moja. Mtu akihariri kiolezo kinachotumika kwenye kurasa 900 saa moja kabla ya trela, wageni wenu ndio wanaolipa. Boti nazo hupenda kuchimba historia na ulinganisho wa matoleo, kurasa zisizokaa kwenye kashe. Kama makala ziko chini ya /wiki/ na programu chini ya /w/, zuieni /w/ kwenye robots.txt, faili linaloelekeza boti zipite wapi, mkiruhusu /w/images/ na /w/load.php. Boti zisizotii zipunguzwe kasi kwenye seva yenyewe. Katika siku tatu za msongamano, kuhariri kuwe kwa wenye akaunti za zaidi ya wiki moja.

Kuhusu uhondo, tangazeni tarehe mapema: mathalani siku 14 tangu filamu ianze kuonyeshwa, yote yanayotoka ndani yake yanakaa kwenye kurasa mpya tu, zenye vichwa visivyosema kitu. Kuficha aya nyuma ya kitufe hakutoshi, maana siri huvuja kwenye mahali ambapo mwandishi haangalii. Kichwa cha ukurasa huonekana kwenye matokeo ya utafutaji. Picha ya kwanza huchukuliwa na mitandao ya kijamii mtu akishiriki kiungo. Maelezo ya uhariri, "nimeongeza kifo chake", yanasomeka kwenye mabadiliko ya karibuni. Kurasa hizo zipeni alama ya noindex, inayoziambia injini za utafutaji zisiziorodheshe, mpaka siku ya 15, na wekeni nembo yenu kama picha ya kushirikishwa. Mswada au picha zilizoibwa kabla ya filamu kutoka msiziguse kabisa, kwa kuwa notisi mnayo tayari.

Na angalieni jamii (kategoria) zilizoorodheshwa chini kabisa ya ukurasa. Mtu anaweza kuficha aya tano kwa uangalifu mkubwa, kisha akaongeza mhusika kwenye jamii ya "Wahusika waliofariki".